Arena ya kisasa ni nini?

Arena ya kisasa ni ukumbi mkubwa wenye paa, viti vikiwa vimezunguka sakafu tupu ya katikati, uliochorwa tangu mwanzo ili leo uchezewe mpira wa kikapu, kesho upigwe muziki na keshokutwa ufanyiwe mkutano. Bwalo la shule lenye magoli ya kikapu nalo hupigiwa muziki, lakini halikujengwa kwa kazi hiyo: sauti hugonga kuta na kurudi, na aliyekaa nyuma hasikii maneno ya wimbo.

Kwa watu wa Afrika Mashariki mfano mzuri uko Kigali, mtaa wa Remera, jirani na uwanja wa Amahoro. BK Arena ilizinduliwa Agosti 2019, ikiwa na nafasi ya watu wapatao 10,000, baada ya kampuni ya Summa ya Uturuki kuijenga kwa muda wa miezi sita hivi. Mwaka 2021 ilibeba msimu wa kwanza wa ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ambapo Zamalek ya Misri ilitwaa ubingwa. Kisha ikaja AfroBasket, ubingwa wa Afrika wa kikapu kwa timu za taifa za wanaume, iliyomalizika tarehe 5 Septemba. Siku mbili baadaye, humo humo, ukaanza ubingwa wa Afrika wa mpira wa wavu kwa wanaume. Tunisia iliondoka na makombe yote mawili.

Siku hizo mbili ndizo zinazoeleza arena ni kitu gani. Uwanja wa kikapu una mita 28 kwa 15, wa wavu mita 18 kwa 9, na wa mpira wa mikono mita 40 kwa 20. Ndiyo maana sakafu ya chini huwa ya zege, na juu yake hutandikwa sakafu ya mchezo husika, inayokuja vipande vipande na kuunganishwa na mafundi. Mechi ikiisha, inang'olewa na kupelekwa stoo. Viti vya safu za chini mara nyingi husukumwa vikaingia chini ya vile vya juu, nafasi ikapanuka. Katika Madison Square Garden ya New York, mafundi hutandika mbao za kikapu juu ya barafu iliyofunikwa, inayochezewa mpira wa magongo, bila kuiyeyusha.

Paa ndilo lenye kazi ngumu kuliko yote, na ndilo linalokula fedha. Nguzo haziruhusiwi katikati, kwa hiyo uzito wote hubebwa na vyuma vinavyovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Vyuma hivyo haviishii kubeba bati. Hubeba pia ubao wa matokeo, spika, taa na skrini za msanii, tani kwa tani, vyote vikining'inia juu ya vichwa vya watu. Paa lisilopigiwa hesabu ya mzigo huo huwalazimu waandaaji kusimamisha minara ya vyuma sakafuni, na kila mnara huwaziba watu macho. Kimo nacho kina masharti yake: kikapu kinaridhika na mita 7 za wazi juu ya uwanja, ila mashindano ya dunia ya wavu yanataka mita 12.5.

Idadi ya watu pia hubadilika. Jukwaa likiwekwa upande mmoja, viti vya nyuma yake haviuzwi, lakini sakafu iliyokuwa ya wachezaji inajaa mashabiki waliosimama. Kendrick Lamar, rapa wa Marekani, alipopiga Kigali Desemba 2023, malori ya vyombo yalihitaji mlango wa kuingilia, na mafundi wake walihitaji umeme wa kutosha na vyumba vya kujiandalia. Mambo haya ya nyuma ya pazia hayapigwi picha siku ya uzinduzi, nami nayaona ni muhimu kuliko vioo vya mbele ya jengo.

Jumba la namna hii likikaa tupu linaendelea kula: viyoyozi, ulinzi, usafi, matengenezo. Fedha hutoka kwenye ukodishaji wa usiku, vyumba vya wageni maalumu, vyakula, na jina lenyewe. Ukumbi wa Kigali uliitwa Kigali Arena hadi 2022, Benki ya Kigali (BK) ilipolipia haki ya kuupa jina lake.