Jaji Landis: faini isiyolipwa, kesi asiyoisikiliza

Kenesaw Mountain Landis, jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Chicago, Marekani, tangu 1905, amebebeshwa sifa nyingi zisizo zake. (Jina ni la mlima kweli: baba yake, daktari wa jeshi, alijeruhiwa mguu vitani huko Kennesaw, Georgia, mwaka 1864. Mtoto alipopewa jina, n moja ikadondoka.)

Wengi wanaamini ndiye aliyesikiliza kesi ya wachezaji wa Chicago White Sox waliodaiwa kuhongwa wauze fainali za besiboli za 1919. Siye. Kesi ilikuwa ya mahakama ya jimbo, mbele ya Jaji Hugo Friend, na tarehe 2 Agosti 1921 juri ikawaachia washtakiwa. Kesho yake Landis, kwa kofia yake ya kamishna, yaani msimamizi mkuu, wa besiboli, akawafungia maisha wachezaji wanane.

Kisha kuna hii ya kwamba aliitia adabu Standard Oil, kampuni ya mafuta ya tajiri Rockefeller. Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1907 tawi lake la Indiana lilitiwa hatiani kwa kusafirisha mafuta kwa nauli ya reli iliyo chini ya ile iliyotangazwa. Landis akalihesabu kila behewa kuwa kosa linalojitegemea: makosa 1,462, kila moja dola 20,000. Zidisha mwenyewe, utapata dola 29,240,000. Magazeti yakamshangilia. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaikataa hesabu ya mabehewa, ikamlaumu pia kwa kupima faini kwa utajiri wa kampuni mama ambayo haikuwa hata mshtakiwa. Haikulipwa senti.

Si mara moja tu hukumu yake kutenguliwa. Mwaka 1919 alimpa msoshalisti Victor Berger, mzaliwa wa Austria mwenye lugha ya Kijerumani, miaka 20 jela. Berger alikuwa ameapa mapema kwamba jaji huyu ana chuki na Wajerumani, Landis akagoma kujitoa. Mwaka 1921 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu.

Na wala hakuacha ujaji mara alipopata ukamishna wa besiboli mnamo Novemba 1920. Alishika vyote viwili hadi Machi 1922: dola 7,500 kwa mwaka za serikali, 42,500 za wenye timu. Mbunge Benjamin Welty wa Ohio alitaka ashtakiwe bungeni kwa hilo, bila mafanikio. Mshahara ulikuwa mnono, lakini mimi nadhani kilichomvuta zaidi ni sharti lingine: wenye timu walikubali kutopeleka maamuzi yake mahakamani.