Umeumwa na Nyoka, na Daktari Hajakudunga Dawa: Hajakupuuza

Mvua zikianza, malalamiko nayo huanza. Safari hii mengi yanayotufikia hapa Nairobi yanafanana: mtu ameumwa na nyoka, amekimbizwa hospitali, na badala ya kudungwa dawa ya sumu akalazwa "anaangaliwa tu". Wapo wanaodai kuna mhudumu aliyekuwa akingojea kitu kidogo. Tukipata ushahidi wa hilo tutalifuatilia. Lakini kumlaza mgonjwa na kumwangalia ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Si kila jino la nyoka huacha sumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa kila mwaka duniani, na wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Waliobaki ama wameumwa na nyoka asiye na sumu, ama mwenye sumu hakuitoa. Wanaofariki ni kati ya 81,000 na 138,000, na wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu ni karibu mara tatu ya hao. Ndiyo maana mwaka 2017 shirika hilo liliuweka msiba huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, likalenga kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Dawa yenyewe hutokana na damu ya farasi aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo. Mwili wa binadamu huweza kuikataa kwa ghafla: koo linafunga, presha inashuka. Kwa hiyo hupewa hospitalini kupitia mshipa, adrenalini, dawa ya kuokoa mtu mwili ukiikataa hivyo, ikiwa tayari kando ya kitanda, wala haichomwi palipoumwa. Kumpa asiye na sumu mwilini ni kumtia hatarini bure. Tena chupa moja ni maelfu ya shilingi, na aliyeumwa na koboko anaweza kumaliza kumi.

Huko kuangaliwa ni kufanyiwa nini, basi? Muuguzi huchora kwa kalamu mpaka wa uvimbe na kuurudia kila baada ya muda aone umepanda hadi wapi. Hutazama kope, kwa sababu sumu ya koboko huanza kuzilegeza kabla haijafika kwenye misuli ya kupumulia. Halafu kuna kipimo cha damu, ambacho nitakieleza kwa kirefu maana ndicho kinachozua fujo wodini. Huvutwa kama mililita 2 za damu kutoka mshipani, zikatiwa kwenye chupa ya kioo, safi na kavu, ikasimamishwa mezani dakika 20 bila kuguswa. Kisha huinamishwa mara moja tu. Damu ikitiririka bila kuganda, sumu imeshaingia kazini. Chupa ya plastiki haifai, wala ya kioo iliyooshwa kwa sabuni; muuguzi akizunguka kutafuta chupa mpya hapotezi wakati wako. Na ndugu wa mgonjwa, tafadhali, msiitikise chupa kuona kama "imeiva". Ikitikiswa, kipimo kinaanza upya.

Lalamiko jingine ni la wazazi: mtoto amepewa dozi ya mtu mzima. Ndiyo, na ni sahihi. Nyoka hampunguzii mtoto sumu, na dawa hupimwa kwa sumu, si kwa kilo za mgonjwa.

Pia msinunue dawa mtaani mkaileta mkononi. Iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India haimfai aliyeumwa na kifutu wa Baringo, au wa Lang'ata. Naam, Lang'ata: wanaodhani nyoka ni shida ya Kitui na Kilifi peke yake waulize majirani wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi.

Ya nyumbani ni machache. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe, tuliza kiungo kwa gango (ubao wa kukitegemeza), twende hospitali. Kamba ya kukaza imewafanya watu wakatwe miguu ambayo sumu pekee isingeiua. Jiwe jeusi linalobandikwa halifyonzi sumu, hata likigandia jeraha. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi kisha uende hospitali ukaguliwe jicho. Kama usafiri uliopo ni bodaboda, mgonjwa akae katikati, kati ya dereva na mtu wa kumshika. Nyoka mwenyewe hatumhitaji, na aliye hai ndani ya jerikani hatumhitaji zaidi. Picha iliyopigwa kutoka mbali inatosha.

Kuhusu fidia, nasema tena kwa sababu bado tunaletewa fomu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, madai yakipitia kamati ya kaunti kisha kwa waziri. Nyoka walikuwemo kwenye orodha ya wanyama wanaofidiwa, baadaye wakaondolewa. Daktari hana uwezo wa kuwarudisha, na kumshinikiza aandike kwamba mgonjwa aliumwa mwaka mwingine, kabla hawajaondolewa, ni kumtaka aghushi hati, ambalo ni kosa la jinai kwenu nyote wawili.

Asiyeonyesha dalili yoyote hukaa saa 24 ndipo aruhusiwe. Wanaotoroka usiku ndio wanaorudishwa alfajiri wakiwa hawawezi kumeza mate. Aliyepewa dawa naye, wiki moja au mbili baadaye anaweza kupata homa, upele na maumivu ya viungo. Sumu haijafufuka, wala hajarogwa. Ni mwili unaoikataa protini ya farasi, na hali hiyo inatibika. Arudi na karatasi aliyopewa akiruhusiwa, ionyeshe ni dawa gani na chupa ngapi.