Uzamili wa uhandisi Ujerumani: transkripti yako inasomwa kabla ya barua yako

Nianze na hesabu, maana maombi mengi ya watu wa kwetu huanguka hapo kabla hata jina la mwombaji halijasomwa vizuri.

Ujerumani 1.0 ndiyo alama bora kabisa, na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Cheti cha nje kikifika mezani, alama yake hubadilishwa kwa kanuni wanayoiita kanuni ya Bavaria. Unachukua alama ya juu kabisa katika mfumo wa chuo chako, unatoa alama uliyopata, jibu unaligawa kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, kisha unaongeza 1. Kwa vyuo vya Tanzania vinavyotumia GPA ya 5, ambapo 2.0 ndiyo ya chini ya kufaulu, kanuni yote hiyo inafupika na kuwa 6 toa GPA yako. Mwenye 3.8 ana 2.2. Mwenye 3.5, aliyeingia daraja la pili la juu kwa kugusa mlango, ana 2.5. Wenzetu wa Makerere nao wana 5 juu na 2.0 chini, kwa hiyo hesabu ni ileile.

Sasa mtazame Mkenya. Vyuo vingi vya kule hutoa alama kwa asilimia, kufaulu ni 40, na daraja la kwanza linaanzia 70. Tuseme anayekagua ameweka 100 kuwa alama ya juu kabisa. Mwenye 70, mtu wa daraja la kwanza, anatoka na 2.5, sawasawa na yule Mtanzania wa 3.5. Mwenye 62 anatoka na 2.9. Na kila aliyesoma uhandisi anajua kwamba 100 kwenye wastani wa miaka mitano hakuna binadamu aliyewahi kuipata. Kama umesoma Kenya, basi, usiache kupakia ule ukurasa wa nyuma ya transkripti unaoeleza madaraja, na ukiweza omba kwa msajili barua inayoonyesha ulishika nafasi ya ngapi darasani. Barua hiyo haitabadilisha kanuni. Ila pale kamati inapokuwa na uhuru wa kupima, inaipa kitu cha kushika.

Programu nyingi huweka mstari, na 2.5 ni mstari utakaokutana nao mara kwa mara. Fanya hesabu hii leo, kabla hujalipa ada ya maombi hata moja.

Mimi ni mhandisi wa maji, nilisoma uzamili wangu huko, na sasa nafundisha. Wanafunzi wangu wa zamani huniletea barua zao za motisha nizipitie, na barua huwa nzuri kweli: utoto wa kuchota maji mbali, mapenzi ya hisabati, ndoto ya kulijenga taifa. Nikiuliza yako wapi maelezo ya masomo, yaani karatasi zinazoeleza kila somo lilifundisha nini, naambiwa, “Dokta, transkripti si inatosha?” Haitoshi. Na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Uzamili wa uhandisi katika vyuo vikuu vya Ujerumani kwa kawaida ni mwendelezo wa shahada ya kwanza. Kamati ya kitivo ina picha kamili ya mhitimu wao wenyewe: amesoma hisabati kiasi gani, mekanika kiasi gani, themodinamiki, umeme, udhibiti wa mitambo. Kazi yao ni kuweka masomo yako upande mmoja na ya mhitimu wao upande wa pili, na kutafuta pengo. Pengo likiwa dogo, unaweza kuingizwa kwa masharti, ukasome somo moja au mawili ya nyongeza. Likiwa kubwa, unakataliwa, na hapo GPA ya 4.6 haikuokoi. Nimeona mhitimu wa daraja la kwanza akikosa nafasi na mwenzake wa 3.7 akipata, kwa programu ileile, kwa sababu wa pili alionyesha kila saa ya hisabati aliyokaa darasani.

Kipimo chao ni pointi za ECTS, mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya. Mwaka mmoja wa masomo ya kutwa ni pointi 60, na uzamili wa mihula minne ni 120. Pointi moja, kwa hesabu ya Ujerumani, inahesabiwa kuwa saa 30 za kazi: mihadhara, mazoezi, maabara na kujisomea vyote pamoja. Huku kwetu, kwa mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10, na mwaka una krediti 120. Hapo kuna mtego. Ukibadilisha kwa saa tupu, somo lako la krediti 12 ni saa 120, yaani ECTS 4. Ukibadilisha kwa fungu la mwaka, krediti 12 ni sehemu ya kumi ya mwaka, yaani ECTS 6. Tofauti ya pointi 2 kwa somo moja ni ndogo, lakini ukiirudia kwenye masomo matano ya hisabati umepoteza 10, na huenda hizo ndizo ulizohitaji.

Ipi ni sahihi? Soma kwanza maelekezo ya programu yenyewe. Nyingine hutoa jedwali la kujaza na kueleza ubadilishe vipi. Kama hawajasema, mimi huwaambia wanafunzi watumie fungu la mwaka, na waandike waziwazi juu ya jedwali kwamba mwaka wa chuo chao una krediti 120 na shahada ilikuwa ya miaka minne. Anayekagua akitaka njia nyingine atabadilisha mwenyewe, lakini hatakuwa na sababu ya kudhani umechakachua.

Halafu kuna majina ya masomo. Wajerumani hugawa mekanika yao katika sehemu tatu, kwa kawaida statiki, uimara wa vifaa, na dinamiki. Wewe transkripti yako inasema “Sayansi ya Uhandisi ya Pili” au jina lingine la jumla namna hiyo, na ndani yake kulikuwa na nusu ya dinamiki na nusu ya mambo mengine. Profesa wa chuo cha Aachen atajuaje? Ndiyo maana ya maelezo ya masomo. Wenyewe wana kitabu kizima cha moduli kwa kila shahada, na wanategemea na wewe uwe na kitu cha kufanana nacho.

Ukurasa mzuri wa somo moja unaonekana hivi: jina la somo na namba yake kama ilivyo kwenye transkripti, herufi kwa herufi, mwaka na muhula, krediti, saa za mihadhara, mazoezi na maabara kwa wiki, mada, namna ya mtihani, kitabu cha kiada. Kwenye mada ndiko watu huzembea. Mmoja aliniletea somo la vimiminika lenye mstari mmoja tu: “mwendo wa maji na matumizi yake.” Tukakaa na daftari lake la mwaka wa pili, ukatoka mstari mwingine: shinikizo la kimiminika kilichotulia, mlinganyo wa Bernoulli, kanuni ya msukumo, mwendo tulivu na wa vurugu, namba ya Reynolds, upotevu wa nguvu kwenye mabomba, mtiririko kwenye mifereji ya wazi, majaribio manne ya maabara. Somo ni lilelile. La kwanza profesa hawezi kulilinganisha na chochote.

Maelezo hayo yanatakiwa yatoke chuoni, si kichwani mwako. Nenda idarani, omba silabasi ya miaka uliyosoma wewe, maana mitaala hubadilika, kisha igongwe muhuri. Nenda mapema. Kumpata mkuu wa idara wiki ya mitihani ni kazi kuliko kupata viza.

Usisahau PT. Mafunzo kwa vitendo ya kila mwaka, ambayo wengi huyaona kama likizo yenye buti, huhesabika: baadhi ya programu za uhandisi wa mitambo hudai wiki kadhaa za kazi kiwandani, na barua ya kampuni inayotaja tarehe na kazi ulizofanya inaweza kuziba sharti hilo.

Mlango wa kupitia nao si mmoja. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin hupokea maombi ya wenye vyeti vya nje kupitia uni-assist, taasisi inayokagua vyeti kwa niaba ya vyuo. Ada ni euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi la nyongeza katika muhula huohuo. Munich, yaani TUM, wanataka uni-assist wakutengenezee kwanza hati ya ukaguzi wa awali, VPD, halafu unaomba kwao moja kwa moja. Aachen, yaani RWTH, wana mfumo wao wenyewe. Kabla ya yote, ingia anabin, hifadhidata ya Wajerumani ya vyuo vya dunia, utazame kama chuo chako kina alama ya H+, yaani kinatambuliwa Ujerumani kama chuo cha elimu ya juu. Ni bure.

Kuhusu ada ya masomo, habari ya “Ujerumani bure” imeanza kuchakaa. RWTH, kwa programu nyingi, bado hulipi ada, ila mchango wa muhula, ambao ni euro mia chache. Vyuo vya jimbo la Baden-Württemberg, Stuttgart na Karlsruhe vikiwemo, hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. TUM walianza kutoza mwaka 2024, na kwa uzamili ni euro 4,000 au 6,000 kwa muhula kutegemea programu. Bado kuna watu mitandaoni wanaowapeleka vijana Munich kwa kuwaambia ni bure.

Kuna njia moja ambayo barua inarudi kuwa mfalme, nayo ni EPOS, ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, kwa kozi zinazohusu maendeleo. Humo kuna uhandisi wa kutosha: maji na mipango ya miundombinu huko Stuttgart, maji na mazingira Hannover, nishati jadidifu Oldenburg. Wanataka mtu mwenye angalau miaka 2 ya kazi baada ya shahada, na kwa kawaida isiwe imepita zaidi ya miaka 6 tangu aipate shahada hiyo. Hapa kamati inauliza swali ambalo udahili wa kawaida hauulizi: ukirudi, utafanya nini na wapi? Kwa hiyo achana na utoto wa kuchota maji. Andika mradi uliopo kazini kwako sasa, ulipokwama, na moduli ipi ya kozi hiyo inagusa pale ulipokwama. “Nimesimamia mtandao wa mabomba wenye upotevu mkubwa wa maji na sina namna ya kuupima kwa kompyuta” ni sentensi yenye thamani kuliko ukurasa mzima wa ndoto. Kwa Mtanzania aliyepitia SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, daftari la kazi la mafunzo hayo ni hazina; humo kuna tarehe, kazi, na saini ya mhandisi msimamizi. Barua ya mwajiri iwe kwenye karatasi yenye nembo, yenye saini, muhuri na tarehe ya karibuni.

EPOS unaomba kwenye kozi yenyewe, si ofisi ya DAAD, na unaweza kuchagua hadi kozi tatu kwa mpangilio wa kipaumbele. Kozi nyingi hufunga kati ya Agosti na Oktoba kwa masomo ya Oktoba ya mwaka unaofuata. Anayeanza kuulizia Machi amechelewa kwa mwaka huo, akae atafute maelezo ya masomo yake.

Lugha nitaipita haraka. Matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka 2, na barua ya chuo kwamba ulisoma kwa Kiingereza hukubaliwa kwingine na kukataliwa kwingine. Soma ukurasa wa programu husika, usimsikilize rafiki aliyeomba programu nyingine. Barua za mapendekezo programu nyingi hazizitaki kabisa. Usinitafute niandike kama hawajaomba.

Asiye na ufadhili atahitaji akaunti maalumu iliyofungwa yenye euro 11,904 kwa mwaka, ambazo ukifika unatolewa 992 kila mwezi. Unaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, lakini mshahara huo haukubaliki kama ushahidi wa fedha unapoomba viza, kwa sababu bado huna. Hapa ndipo familia nyingi hukwama Julai, barua ya udahili ikiwa mkononi. Nafasi kwa kawaida ni ya muhula uliotajwa kwenye barua tu. Usipojiandikisha, unaomba upya mwaka unaofuata kuanzia mwanzo. Kwa hiyo fedha na miadi ya ubalozi vianze kushughulikiwa siku unayotuma maombi, si siku ya majibu. Faili la maelezo ya masomo litunze hata ukikataliwa, maana Darmstadt, Dresden na Berlin watakuomba karatasi zilezile.