Mratibu wa mashambulizi: kazi yake ni ipi, na akihama sifa zinabaki kwa nani

Ukifuatilia futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, neno mratibu utalikuta kila mahali. Aliyezoea soka hudhani ni jina la heshima la kocha msaidizi, yule anayepanga koni mazoezini na kumnong'oneza bosi kwenye benchi. Sivyo. Mratibu ana nusu ya timu mikononi mwake. Mmoja anashika mashambulizi, mwingine ulinzi, na wachezaji wa pande hizo mbili kwa kawaida hawachangamani, maana kundi moja likiingia uwanjani jingine linatoka. Waratibu wa timu kubwa hulipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo mratibu akihama, mashabiki hubishana miaka na miaka: mafanikio yale yalikuwa kazi yake, au alibebwa?

Ubishi huo huharibika mapema kwa sababu watu huchukulia kazi ya mratibu kuwa kitu kimoja. Ni kazi kama tano, na mara nyingi hazifanywi na mtu mmoja. Kuna kuleta mfumo wenyewe, yaani lugha, maumbo na kanuni ambazo timu itaishi nazo msimu mzima. Kuna kupanga mpango wa wiki dhidi ya mpinzani fulani. Kuna kutoa mwito, yaani kuchagua mpango wa kila jaribio mechi ikiendelea, maana timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Kuna kumnoa mchezaji mmoja mmoja, miguu yake, macho yake, pembe ya bega lake. Na kuna kusajili, kwenda nyumbani kwa kijana wa miaka 17 na kumshawishi mama yake. Shabiki wa kwenye televisheni anaona kazi moja tu kati ya hizo, mwito, na hata huo haumfikii ukiwa kamili.

Tuutazame mwito kwa karibu. Mpira ukifa, saa ya sekunde 40 inaanza kuhesabu. Mratibu, mara nyingi akiwa chumba cha juu jukwaani ambako anauona uwanja wote, anaangalia ni jaribio la ngapi, zimebaki yadi ngapi, na mpinzani ameingiza watu gani. Anataja mpango kwenye kipaza sauti. Chini ukingoni mwa uwanja, watu wawili watatu wanapunga mikono na kuinua mabango. Mmoja ana ishara ya kweli, wengine ni wa kuzuga. Hivyo ndivyo vyuo vilivyofanya mpaka 2024, NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo, liliporuhusu redio ndani ya kofia ya mchezaji mmoja, nayo huzimwa saa ikifika sekunde 15. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeanzisha mashambulizi na kurusha mpira, anaisoma ishara, anawapa wenzake, anatazama ulinzi ulivyojipanga, na kama ana ruhusa anaubadilisha mpango palepale. Kwa hiyo pasi ile ya yadi 50 uliyoishangilia huenda siyo aliyoiita kocha. Zaidi ya hapo, mipango mingi ya siku hizi ina chaguo ndani yake: kwotabeki anamtazama beki mmoja, akisogea huku anampa mpira mkimbiaji, akisogea kule anarusha. Hapo mwito ulikuwa wa nani?

Mfano unaofaa kuliko yote ni LSU, chuo kikuu cha Louisiana kilichoko Baton Rouge, msimu wa 2019. Timu ilicheza mechi 15 ikashinda zote, ikafunga pointi 726, na tarehe 13 Januari 2020 mjini New Orleans ikaipiga Clemson 42–25 na kutwaa ubingwa wa taifa. Kwotabeki Joe Burrow alirusha pasi 60 za tachidauni, yaani za kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani, na kumaliza na yadi 5,671, akachukua tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Mwaka uliotangulia, akiwa na jezi hiyohiyo, alikuwa amerusha 16 tu kwa yadi 2,894.

Kilichobadilika katikati, kwa jicho la wengi, ni mtu mmoja: Joe Brady, kijana wa miaka 29 wakati anaajiriwa, aliyetoka kuwa msaidizi wa ngazi ya chini katika New Orleans Saints ya NFL, ligi ya kulipwa. Brady alibeba tuzo ya Broyles, ambayo tangu 1996 hupewa kocha msaidizi bora wa vyuo. Siku chache baada ya fainali akaondoka kwenda kuwa mratibu wa mashambulizi wa Carolina Panthers.

Ila Brady hakuwa mratibu wa mashambulizi wa LSU. Cheo chake kilikuwa mratibu wa mchezo wa pasi, na kocha wa wapokeaji. Mratibu wa mashambulizi alikuwa Steve Ensminger, mzee wa Louisiana ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kwotabeki wa LSU. Ensminger ndiye aliyekuwa akitoa miito mingi. Sauti ya Brady ilisikika zaidi kwenye pasi za jaribio la tatu na karibu na mstari wa lango. Mashabiki walioandika kwamba Brady "aliita michezo yote" walikosea jambo la msingi kabisa, na kosa hilo bado linazunguka.

Je, basi Brady hakufanya kitu? Alifanya, na ni kitu kinachoweza kutajwa kwa jina. Alileta mfumo. Kabla yake LSU ilipenda kumbakiza mkimbiaji, na wakati mwingine mpokeaji mzito wa pembeni, wamlinde kwotabeki. Wazuiaji wakawa saba, na wa kupokea pasi wakabaki watatu. Brady alitaka watano watoke, wazuiaji wabaki watano wa mstari wa mbele peke yao. Hesabu ni rahisi: ulinzi una watu 11, na ukilazimishwa kuwafuata watano waliotawanyika upana wote wa uwanja, ni rahisi mmoja aachwe na nafasi. Gharama nayo ni rahisi kuiona: mpinzani akishambulia na watu sita, mmoja atapita bila kuguswa, na kwotabeki lazima awe ameshajua ni yupi na mpira uende wapi kabla hajafikiwa. Mfumo huo kwa kwotabeki mzito wa kichwa ni hospitali. Kwa Burrow, aliyekuwa anausoma ulinzi kabla mpira haujaanza, ulikuwa karamu. Mipango ya chaguo, ile ya kumsoma beki mmoja, Brady alikuwa ameishi nayo Penn State alipokuwa kocha mwanafunzi 2015 na 2016.

Sasa hoja wanayoipenda mashabiki: tazama kabla na baada. LSU ilifunga wastani wa pointi 32.4 kwa mechi mwaka 2018, ikapanda hadi 48.4 mwaka 2019, kisha 2020 Brady akiwa ameondoka ikarudi 32.0. Ukizitazama namba hizo tatu, kesi imekwisha, si ndiyo?

Haijakwisha, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Anza na 32.4 ya 2018. Ndani yake kuna pointi 72 dhidi ya Texas A&M, mechi iliyokwenda vipindi saba vya nyongeza; dakika za kawaida ziliisha 31–31. Ukiondoa pointi 41 za nyongeza, wastani unashuka hadi kama 29. Hilo linamsaidia Brady. Lakini mechi ya mwisho ya msimu huohuo, Fiesta Bowl ya tarehe 1 Januari 2019 dhidi ya UCF, Burrow alirusha yadi 394 na tachidauni 4 timu ikifunga 40. Brady alikuwa bado hajafika. Burrow alikuwa ameshaanza kupanda, na hilo linampunguzia Brady sifa.

Halafu 2020. Timu ilishinda mechi tano na kupoteza tano, na watu wakasema, mnaona, bila Brady hakuna kitu. Fungua mechi tatu za kwanza, kabla jeraha halijamtoa kwotabeki Myles Brennan. Dhidi ya Mississippi State, 34–44. Vanderbilt, 41–7. Missouri, 41–45. Timu ilifunga pointi 116 katika mechi tatu, karibu 39 kwa kila moja, na bado ikapoteza mbili. Mississippi State ilirusha yadi 623 siku ile, rekodi ya SEC, ligi ya vyuo ambayo LSU inachezea. Shida kubwa ilikuwa upande wa pili wa mpira: mratibu wa ulinzi Dave Aranda alikuwa amehamia Baylor kuwa kocha mkuu, na ulinzi ulioachwa ukaruhusu pointi 349 katika mechi 10. Mashabiki walimlilia kocha aliyeondoka upande wa mashambulizi wakati tundu lililokuwa linavuja zaidi lilikuwa la yule mwingine. Brennan alipotoka wakaingizwa makwotabeki wa mwaka wa kwanza, na mpokeaji bora Ja'Marr Chase alikuwa ameamua kutocheza msimu ule wa korona. Katika hali hiyo wastani wa 32 si anguko la mfumo.

Kuhusu wachezaji hao, ni suala linalopimwa kirahisi kuliko yote na ndilo husahaulika kwanza. Chase alikuwa na yadi 1,780 na tachidauni 20 mwaka 2019. Justin Jefferson alishika pasi 111. Burrow akachaguliwa wa kwanza kabisa katika usajili wa NFL 2020, ambako timu huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, na jumla ya wachezaji 14 wa LSU wakachaguliwa mwaka huo. Kisha Burrow na Chase wakaifikisha Cincinnati kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, kwa msimu wa 2021, na Jefferson akawa mchezaji bora wa mashambulizi wa NFL mwaka 2022, wote wakiwa mbali na Brady. Vipaji vile vilikuwa vya kweli. Wengi wao walisajiliwa kabla Brady hajajua mlango wa ofisi uko wapi.

Na kocha mkuu? Ed Orgeron hakuwa mchoraji wa mipango ya pasi, na ni rahisi kumdharau kwa sababu hiyo. Lakini yeye ndiye aliyekubali kwamba mashambulizi yake yamezeeka, baada ya LSU kupigwa na Alabama mara nane mfululizo, ya mwisho 29–0 nyumbani. Ndiye aliyemleta kijana asiyejulikana na kumweka chini ya mzee mwenye cheo bila kuzua vita ofisini. Novemba 2019 LSU ikaenda Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, na kushinda 46–41. Kuajiri ni kazi, na ni kazi ya kocha mkuu.

Kwa hiyo unayetaka kumpima msaidizi aliyehama usianze na ubao wa matokeo. Anza na cheo chake kamili, kisha tafuta nani alitoa miito. Tazama ni kipi kwenye picha za mechi hakikuwepo kabla yake: idadi ya wapokeaji wanaotoka, umbo la kuanzia, kasi. Gawanya mashambulizi na ulinzi kabla hujasema "timu ilishuka". Toa nyongeza na mechi dhidi ya timu dhaifu. Tazama nani aliumia. Na mfuate alikokwenda, ila kwa subira, kwa sababu kituo kimoja hudanganya.

Brady mwenyewe ni ushahidi wa subira hiyo. Carolina alifukuzwa Desemba 2021, msimu wa pili haujaisha, na waliomwita fundi wa karne wakageuka: kumbe alikuwa Burrow tu. Akaenda Buffalo Bills kuwa kocha wa makwotabeki. Novemba 2023 mratibu wa pale akafutwa kazi, Brady akashika nafasi, na Bills wakashinda sita kati ya mechi saba zilizobaki. Mwaka uliofuata kwotabeki Josh Allen akawa mchezaji bora wa ligi chini yake. Wale wale wakageuka tena. Ndani ya miaka mitano mtu mmoja alikuwa fundi, mbabaishaji, kisha fundi, ilhali alichokuwa anakijua hakikubadilika kwa kiasi hicho. Waliobadilika ni aliokuwa nao na majukumu aliyopewa.

Aliyepewa sifa kuzidi kidogo katika hesabu hii, kwa maoni yetu, ni Brady. Aliyepunjwa zaidi ni Ensminger. Tarehe 28 Desemba 2019, siku ya nusu fainali dhidi ya Oklahoma mjini Atlanta, mkwe wake, mke wa mwanawe, alifariki kwa ajali ya ndege ndogo saa chache kabla ya mechi. Ensminger alipewa habari, akapanda chumba cha juu, akavaa kipaza sauti. Hadi mapumziko Burrow alikuwa amerusha tachidauni saba. Mechi iliisha 63–28.