Panya, Bleomisini na Kovu Linalofifia Lenyewe

Kila ninaposoma ripoti inayodai kwamba dawa fulani imezuia makovu ya mapafu kwa panya, jambo la kwanza ninalolitafuta ni siku ambayo panya hao walianza kupewa dawa. Siku hiyo ndiyo inayoonyesha kama dawa ilipambana na kovu lenyewe au ilituliza tu uvimbe unaolitangulia.

Mfano wa ugonjwa unaotumika zaidi maabarani ni wa bleomisini, dawa ya saratani iliyogunduliwa Japani na Hamao Umezawa katika miaka ya 1960, ambayo baadaye ilibainika kuwaachia baadhi ya wagonjwa makovu mapafuni, kwa kuwa kimeng'enya cha kuivunja ni haba katika kiungo hicho. Maabara huitia katika njia ya hewa ya panya, kwa kawaida wa ukoo wa C57BL/6, maana wale wa BALB/c huistahimili. Wiki ya kwanza ni ya uvimbe. Kuanzia ya pili kolajeni, protini inayojenga kovu, hurundikana, na kufikia takribani siku ya 21 kovu huonekana wazi. Kisha, kwa panya kijana, huanza kufifia lenyewe. Binadamu mwenye makovu yasiyojulikana chanzo, ambaye mara nyingi amevuka miaka 60, hapati nafuu ya namna hiyo.

Kwa hiyo dawa inayotolewa tangu siku ya kwanza hung'ara kwa panya bila kuahidi chochote kwa mgonjwa. Matibabu ya kutuliza uvimbe, yaani prednisoni pamoja na azathioprini na asetilisisteini, yalipojaribiwa Marekani, matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha vifo vingi zaidi kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa huko mwaka 2014, hupunguza kasi ya ugonjwa, hazifuti kovu.

Mfano mwingine ni wa vumbi la silika, yaani madini ya mchanga na miamba: hilo huacha vinundu vinavyodumu mapafuni, kwa sababu chembe zake haziondoki; hapo panya anamkaribia zaidi mchimba madini.

Watafiti wa tiba ya Kichina hutumia panya yuleyule wa bleomisini, ila wao hawatosheki na kovu. Ugonjwa wanaouhusisha nalo ni fei wei, yaani kunyauka kwa mapafu, ambao Zhang Zhongjing aliueleza mwishoni mwa enzi ya Han, na tabibu huutambua kwa kutazama ulimi, kupima mapigo na kumhoji mgonjwa. Panya hahojiwi. Ndipo baadhi yao humwogelesha hadi achoke, au humvutisha moshi, ili apungukiwe na chi, yaani nguvu ya uhai katika tiba hiyo, kabla au baada ya bleomisini. Mimi nina shaka na hatua hiyo: kuogeleshwa kwa nguvu huamsha homoni za msongo, nazo zenyewe hubadili uvimbe, hivyo huwezi tena kujua dawa ya mitishamba imetibu nini. Hata hivyo hoja yao ya msingi, kwamba wagonjwa wawili wenye kovu moja wanaweza kuwa na miili tofauti kabisa, ina uzito, na sisi wa maabara za Kimagharibi tumeikwepa kwa kutumia panya wanaofanana kama mapacha.

Umri ni sehemu ya mwili huo. Kwa panya wazee wa miezi 18 kovu la bleomisini hudumu zaidi, lakini kuwafuga hadi hapo ni gharama, na wengi wetu bado huagiza wale wa wiki nane.