Elektrodi mwilini: yanayosemwa na yalivyo

"Wakikuwekea kile kidude kichwani, wanajua unachowaza." Kauli hii imeenea tangu Januari 2024, kampuni ya Marekani ya Neuralink ilipompandikizia mtu wa kwanza kifaa chake ubongoni. Si kweli, wala kazi hiyo haikuanzia hapo. Mwaka 2004 mradi wa BrainGate nchini Marekani ulimpandikizia mtu aliyepooza kibao cha milimita 4 kwa 4 chenye sindano zipatazo 100, yaani elektrodi, vipitishio vidogo vya umeme, pale ubongo unapoongoza mkono. Kilichonaswa ni umeme wa seli chache tu za neva, kati ya takribani bilioni 86 za ubongo. Mgonjwa alijaribu kusogeza mkono, kompyuta ikajifunza umeme huo hufuatana na mwendo upi. Siri za moyo hazimo.

Dhana inayoniuma zaidi inahusu watoto viziwi na kipandikizi cha koklea, kifaa cha kusaidia kusikia: "Akipandikizwa leo, kesho anasikia." Mzazi akiamini hivyo, mtoto akawashiwa kifaa asigeuke anapoitwa, hukata tamaa mapema mno.

Kifaa hicho hakikuzi sauti. Maikrofoni iliyo nyuma ya sikio hunasa sauti, kichakataji huigawa kuanzia nzito hadi nyembamba, kisha elektrodi, kwa kawaida 12 hadi 22, husisimua neva ya kusikia kutokea ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio yenye umbo la konokono. Sauti nyembamba huingia karibu na mlango, nzito kule ndani kabisa. Sikio lenye afya hutegemea seli za kusikia zipatazo 3,500, kwa hiyo ubongo unaletewa usemi uliochujwa mno, na lazima ufundishwe kuuelewa. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Mazoezi ya kusikia na kusema huchukua miezi, hata miaka. Ndiyo maana aliyezaliwa kiziwi ahudumiwe mapema, njia za usikivu zikiwa bado zinajengeka. Muhimbili, Dar es Salaam, inafanya upasuaji huu tangu 2017. Neva ya kusikia ikiwa haipo kabisa, kifaa hiki hakimfai mtoto.

Vipi kuhusu Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, je, elektrodi huiponya? Hapana. Tangu kazi ya Benabid, daktari wa upasuaji wa ubongo, kule Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, mipigo ya umeme ipatayo 130 kwa sekunde, inayotolewa na elektrodi ndani ya ubongo, imewatulizia wengi mtetemeko, hata mtu akaweza tena kushika kikombe cha chai. Ugonjwa wenyewe unaendelea. Kifaa kikizimwa, mkono huanza kutetemeka tena.