Malcolm MacDonald, gavana wa mwisho wa Kenya: yasemwayo na yaliyokuwa

Kila Desemba inapokaribia, jina la gavana wa mwisho wa Kenya hurudi midomoni, na mara nyingi hurudi limebebeshwa mambo ya mtu mwingine. Wako wanaoshikilia kwamba ndiye aliyesema Kenyatta ni kiongozi wa kuelekea giza na mauti. Sivyo. Aliyetamka hayo mwaka 1960, Kenyatta akiwa bado kizuizini, ni Sir Patrick Renison, gavana aliyemtangulia. Na aliyetangaza hali ya hatari Oktoba 1952 ni Sir Evelyn Baring, gavana wa wakati huo. Malcolm MacDonald alifika Nairobi Januari 1963, wakati Kenyatta amekwisha achiliwa na ni waziri katika serikali ya mseto.

Huandikwa pia "Sir Malcolm". Hakuwahi kuwa Sir. Heshima aliyoipokea, mwaka 1969, ni nishani ya Order of Merit, ambayo haimpi mtu cheo cha kutanguliza mbele ya jina.

Dhana inayopotosha zaidi ni kumdhania bwana shauri, yaani ofisa wa utawala wa kikoloni, aliyepanda ngazi, kutoka wilayani hadi jimboni hadi Ikulu. Huyu alitoka bungeni. Wala hakuwa mtoto wa kabaila: baba yake, Ramsay MacDonald, alizaliwa nje ya ndoa na mtumishi wa shambani huko Lossiemouth, Uskoti, akaja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza kutoka chama cha Labour. Ni kweli jina la baba lilimfungulia milango Malcolm, lakini halikumkinga. Alichaguliwa mbunge wa Bassetlaw mwaka 1929, na katika uchaguzi wa 1935 baba na mwana wote wawili waliangushwa. Mwaka uliofuata alirudi kupitia uchaguzi mdogo wa Ross and Cromarty, ambako mmoja wa aliowashinda ni Randolph, mtoto wa Winston Churchill.

Akiwa Waziri wa Makoloni, mwaka 1939 alitoa waraka wa serikali uliowawekea Wayahudi kikomo cha kuingia Palestina: watu 75,000 kwa miaka mitano, wakati Wayahudi wa Ulaya wakitafuta pa kukimbilia. Wanaomkumbuka kama mzee mpole aliyependa kuwatazama ndege wausome na ukurasa huo.

Baadaye alitumikia Kanada, Malaya na Singapore, kisha India. Kwa hiyo alipotua Nairobi alikuwa amekwisha kuona dola ikikunja jamvi kwingine. Hapo ndipo siasa ilipomfaa. Aliona kuchelewesha uhuru kuna hatari kuliko kuuharakisha, akaisukuma London ikubali. KANU, chama cha Kenyatta, ilishinda uchaguzi wa Mei, Kenyatta akawa waziri mkuu tarehe 1 Juni, Siku ya Madaraka, na uhuru ukaja 12 Desemba. Lakini kusema MacDonald "aliipa" Kenya uhuru ni kuwadhulumu waliokufa msituni katika vita vya Mau Mau, waliofungwa kambini, na waliobishana tangu 1960 kwenye mikutano ya katiba ya Lancaster House, London. Yeye aliukuta mlango umeshasukumwa na wengine; sifa yake ni kwamba hakujaribu kuufunga.

Wengi hudhani pia aliondoka bendera iliposhushwa. Alibaki mwaka mzima kama Gavana Mkuu, akimwakilisha Malkia, kwa ridhaa ya Kenyatta mwenyewe. Alikuwapo askari walipoasi katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, Januari 1964, na majeshi ya Uingereza yakaitwa kuwazima. Kenya ilipokuwa jamhuri 12 Desemba 1964, alibadili kofia tu, akawa mwakilishi wa Uingereza Nairobi humo humo.

Upo mwaka mmoja, 1963, unaohitaji kutazamwa kwa makini. Katika mwaka huo wa ugavana wake mafaili ya serikali ya kikoloni yalihamishwa kimya kimya kutoka Nairobi kwenda Uingereza. Kuwepo kwa mafaili hayo kulikubaliwa hadharani mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipokuwa wakidai haki mahakamani London, na yalisheheni habari za kambi na mateso. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia watu 5,228, jumla ya pauni milioni 19.9. Mateso yale yalitangulia kufika kwake. Kufungwa kwa masanduku hakukutangulia.